Udongo na Karatasi za Hassan Fathy

Barabara ya kutoka katikati ya Cairo kwenda New Cairo inapita kati ya maghorofa ya zege na vioo, yamesimama juani bila kivuli, kila dirisha na kiyoyozi chake. Niliyatazama kutoka ndani ya basi nikijua kwamba ninakwenda kusoma karatasi za mtu aliyewasihi Wamisri, kwa muda wa karibu nusu karne, wasijenge namna hii. Chuo Kikuu cha Marekani mjini Cairo kilihamia huku 2008, na maktaba yake ya vitabu adimu ikahama nacho. Humo ndimo zilimo nyaraka za msanifu majengo Hassan Fathy: ramani za nyumba, michoro ya rangi, picha, barua na miswada, kwa kuwa alikuwa pia mwandishi. Aliwahi kuandika hata tamthilia.

Katika maktaba za aina hii mkoba unabaki nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, na karatasi inawekwa mezani na mtu anayeishika kwa pembe zake. Michoro yake kadhaa nilikuwa nimeiona vitabuni tangu zamani, lakini kitabu hakionyeshi jinsi rangi ilivyokaa. Fathy alipaka kwa rangi nzito ya maji, isiyong'aa, hata ukuta wa udongo ukaonekana udongo kweli. Katika karatasi moja anaweka pamoja ramani ya sakafu na sura ya nyumba kwa mbele. Miti inasimama pembeni mwa ramani kama ilivyochorwa ndani ya makaburi ya Mafarao, kila tawi likihesabika. Katika mchoro mmoja wa kijiji cha Gourna, ng'ombe wa Hathor, mungu wa kale wa mlima wa kijiji hicho, anatokeza juu ya nyumba za wakulima kana kwamba ni jirani yao.

Nilikaa na mchoro huo kuliko yote. Nimefanya kazi miaka mingi ya kuandika habari za makazi huko kwetu Tanzania, na nimeona ramani nyingi za nyumba za watu maskini. Zote zinafanana: mraba, mlango, madirisha mawili, chumba, chumba, sebule, kisha mhuri. Sijapata kuona hata moja ambayo mchoraji wake alijishughulisha kuweka mti. Hapa kuna mtu aliyechora nyumba ya mkulima asiye na kitu kwa mkono uleule ambao wenzake waliuweka akiba kwa ajili ya kasri. Huo ndio moyo wa kazi yake, na nadhani ndiyo sababu karatasi hizi zimetunzwa wakati nyingi ya nyumba zenyewe zimebomoka.

Fathy alizaliwa Alexandria mwaka 1900, katika familia ya wenye mashamba. Ameandika mwenyewe kwamba hakukanyaga shamba lolote la familia yao hadi alipofika umri wa miaka 27. Mama yake alikuwa akimsimulia maisha ya kijijini alikokulia, na mtoto akayapenda kwa masikio kabla ya macho. Alitaka kusomea kilimo, akashindwa mtihani wa kuingia, akageukia usanifu wa majengo na kuhitimu Cairo mwaka 1926. Alipofika kijijini kwa mara ya kwanza alikuta uchafu, njaa na nyumba zinazomtia mtu huzuni, na hakuweza tena kuyasahau yale. Kuanzia 1930 alifundisha katika chuo cha sanaa Cairo, na mwishoni mwa muongo huo akaanza kuchora nyumba za mashambani za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani.

Kuta hazikuwa tatizo. Mkulima wa Misri amekuwa akifyatua tofali la tope na majani makavu tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Tatizo lilikuwa paa. Misri haina misitu, mbao zilikuja kwa meli, na Vita Kuu ya Pili ilipozuka mbao na chuma vikakatika. Fathy alijiuliza kwa nini udongo huohuo wa ukutani usipande ukafunika na juu. Akajaribu na mafundi wake kujenga mapaa ya tao, mapaa yakaporomoka. Ndipo ndugu yake alipomwambia kwamba Wanubi wa kusini, karibu na Aswan, wanaezeka nyumba na misikiti yao kwa tofali bichi bila kutumia ubao hata mmoja wa kushikilia. Mwezi Februari 1941 alipanda treni na wanafunzi wake kwenda kuona.

Aliyoyaona Gharb Aswan, ng'ambo ya magharibi ya mto, ndiyo yaliyogeuza kazi yake yote. Nami pia nilikuwa naelekea huko, ingawa nilitaka kwanza kupita alipopita yeye.

Nyumba aliyoishi Cairo hadi kufa kwake, tarehe 30 Novemba 1989, iko Darb al-Labbana, kichochoro kilicho chini ya Ngome, nyuma ya msikiti wa Sultan Hassan. Ni nyumba ya karne ya 18 yenye ua katikati, na yeye alikaa ghorofa ya juu pamoja na paka wake. Sasa ni nyumba ya maonyesho ya usanifu wa Misri. Niliingia mchana wakati mitaa ya nje imeshika moto, na ndani ya ule ua nikavuta pumzi kwa raha. Watu wa Lamu na wa Mji Mkongwe hawahitaji kufundishwa jambo hili: ukuta mnene, ua ulio wazi juu, chumba kinachoangalia ndani. Lakini Fathy hakuridhika kulisema kwa maneno, alilipima. Mwezi Machi 1964 vilijengwa Cairo vyumba vya majaribio, kimoja cha matofali ya udongo chenye paa la udongo, kingine cha zege iliyomiminwa kiwandani. Katika muda wa saa 24 joto ndani ya chumba cha udongo lilipanda na kushuka kwa nyuzi 2 tu, kati ya 21 na 23. Chumba cha zege kilifika nyuzi 36, yaani nyuzi 9 zaidi ya hewa ya nje. Mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile angepata nafuu kwa kutoka na kusimama kivulini.

Tarakimu hizo zina zaidi ya miaka sitini sasa, na bado tunajenga vyumba vya namna ile. Nasema tunajenga, maana Dodoma nako, Dar es Salaam nako, Mombasa nako, mtu akipata fedha kidogo jambo la kwanza ni kununua saruji na bati, la pili ni feni.

Treni ya kusini inafuata mto kwa kilomita zipatazo 670 hadi Luxor. Asubuhi, upande wa dirisha, unaona jinsi nchi nzima ilivyo utepe mwembamba: shamba la miwa, mfereji, kijiji, kisha ghafla jangwa. Luxor kwenyewe sikukaa. Nilivuka mto kwa kivuko cha wenyeji, nikapanda gari dogo la abiria linaloelekea kwenye zile sanamu mbili kubwa za Memnon, na kabla ya kuzifikia nikamwambia dereva anishushe. Gourna Mpya iko kando ya barabara hiyohiyo, na watalii wengi huipita bila kugeuza shingo.

Kisa chake kilianzia mlimani. Watu wa Gourna ya zamani walikuwa wameishi kwa vizazi juu ya makaburi ya wakuu wa Thebes, na wengi waliishi kwa makaburi hayo: kuchimba, kuuza, kuongoza wageni. Mchongo mzima wa mwambani ulipoibwa kutoka kaburi moja, Idara ya Mambo ya Kale ikaamua watu wote wahame, kama 7,000, washuke bondeni. Ilinunua ekari hamsini za shamba, ikampa Fathy kazi ya kuwajengea. Alianza 1945.

Hapa lazima nieleze alivyofanya, kwa sababu sijaona mtu mwingine aliyepewa kuhamisha kijiji akafanya vile. Hakuchora nyumba moja na kuirudia mara mia tisa. Alitaka kila familia iwe na nyumba yake kwa sura na kwa mpangilio. Aliwaweka watu kwa koo, familia kumi hadi ishirini za damu moja zikizunguka uwanja wao, ili mtu akihama asihame peke yake. Vichochoro alivipinda makusudi, mgeni asipite akiangalia ndani ya nyua za watu. Shule aliiwekea mnara wa kunasa upepo wa kaskazini, wenye sinia za mkaa uliolowanishwa ndani yake, na hewa ikashuka darasani ikiwa imepungua nyuzi zipatazo 10. Aliwaleta waashi wa Aswan, wakajenga na kuwafundisha vijana wa Gourna. Udongo ulichimbwa palepale, ukachanganywa na mchanga na majani makavu, ukalowekwa mpaka uchachuke, ukafyatuliwa.

Mwaka 1948 kazi ilisimama. Sehemu ndogo tu ya kijiji ilikuwa imejengwa. Fathy katika kitabu chake, kilichotoka Cairo 1969 na kuchapwa tena Chicago 1973 kwa jina la Architecture for the Poor, analaumu ofisi: fedha zilizochelewa, karani aliyeshikilia stakabadhi, mkubwa asiyetaka jambo lifaulu. Anaeleza pia jinsi mtu alivyobomoa tuta la mfereji usiku ili maji yaingie kijijini. Nilikisoma kitabu hicho nikiwa msichana na nikawachukia wale makarani. Nilipokisoma tena kabla ya safari hii, kilichonigusa kilikuwa kitu kingine. Watu wa Gourna hawakuwa wameomba kuhama. Riziki yao ilikuwa mlimani. Mtu anaweza kukuchorea nyumba nzuri kuliko zote ulizopata kuishi, akakupangia na majirani unaowapenda, nawe ukaikataa kwa sababu haiko mahali unapopata mkate.

Kwetu Dodoma hili tunalijua. Bibi yangu aliishi katika tembe, nyumba ya Wagogo yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la magogo, vijiti na udongo ulioshindiliwa, imezunguka zizi la ng'ombe. Operesheni Dodoma ya 1971 ilipowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na neno la nyumba bora likawa katika kila mkutano, tembe likageuka kuwa dalili ya mtu aliyebaki nyuma. Bibi alipewa kiwanja katika mstari ulionyooka. Alijenga, kwa kuwa aliamriwa, na mpaka anakufa alisema nyumba ile ya bati inamtoa jasho mchana na kumtetemesha usiku. Hakuna msanifu aliyemuuliza analalaje. Kwa hiyo namheshimu Fathy kwa kuuliza, hata pale ambapo swali lake halikufika kwa wote.

Maana halikufika kwa wanawake. Yeye mwenyewe anakiri kwamba hakuweza kuzungumza nao, kwa vile wanaume wa Gourna hawakumruhusu mgeni kuwakaribia, na anasikitika kwa hilo. Alifanya alichoweza kwa macho. Aliangalia namna mwanamke anavyokaa chini kufua, akabuni mahali pa kufulia panapofuata mkao ule. Alifikiria jiko, tanuri ya mkate, mahali pa mtungi. Lakini alipofika kwenye maji akapotea njia, kwa maoni yangu. Anaingiwa na wasiwasi kwamba bomba likiingia ndani ya kila nyumba, wasichana hawatatoka tena kwenda kisimani, hawataonekana na wachumba, na watapoteza ule mwendo wa madaha wa mtu aliyezoea kubeba mtungi kichwani.

Nimebeba ndoo. Nimeamka saa kumi ya alfajiri kuwahi foleni ya kisima wakati wa kiangazi cha Dodoma, nimerudi na maji ya rangi ya chai, nimekwenda shule nikiwa nimechoka. Hakuna mwanamke ninayemjua ambaye angekataa bomba ili alinde mwendo wake. Angepata nafasi ya kuzungumza na mwanamke mmoja tu wa Gourna, sura ile ya kitabu ingeandikwa tofauti. Nalisema kwa uchungu kwa sababu sura nyingine zote zinaonyesha mtu aliyesikiliza kuliko kawaida ya wataalamu, na masikio yake yalizuiwa palepale walipokuwa wale ambao wangeishi ndani ya nyumba hizo mchana kutwa.

Msikiti umesimama. Ndicho kitu cha kwanza unachokiona ukitoka barabarani: mnara mfupi, mnene, wenye ngazi nje inayopanda moja kwa moja hadi juu, kama misikiti ya zamani ya Misri ya Juu. Mlango wake umeungwa kwa vipande vidogo vya mbao, ufundi wa maseremala wa maeneo hayo wanaojua thamani ya mti. Ndani kuna ua, na chini ya kuba mwanga unashuka kwa utulivu kutoka kwenye vidirisha vya juu. Mzee aliyekuwa akilitunza eneo lile aliniacha nivue viatu na kukaa. Baadaye akaja akaketi upande wa pili, tukaongea kwa Kiarabu changu cha madrasa na ishara za mikono.

"Wewe ni wa Sudan?" aliniuliza.

"Tanzania, baba. Mbali zaidi kusini."

"Huko mnajenga kwa udongo?"

Nikamwambia ndiyo, lakini anayejenga kwa udongo anaomba radhi. Alicheka, akanyoosha mkono kuelekea upande wa nyumba. Twende ukaone, akasema.

Nyumba nyingi za Fathy hazipo. Mahali pake pamejengwa ghorofa tatu, nne, za nguzo za zege na matofali mekundu, nondo zimeachwa zimechomoza juu zikisubiri mtoto wa kiume aoe. Mzee hakuwasema vibaya wenye nyumba hizo. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mafuriko ya kila mwaka yalikoma, mashamba yakamwagiliwa miezi yote, na maji ya chini yakapanda. Yalipanda na chumvi, chumvi ikaila miguu ya kuta. Halafu familia zilikua. Kuba haikubali kuongezewa ghorofa juu yake. Ukitaka chumba cha mtoto aliyeoa, unabomoa. Inasemwa pia kwamba wengine hawakuipenda kuba tangu mwanzo kwa vile huko kuba ni ya kaburi la walii, si ya mtu anayelala na kuamka. Mzee alipoulizwa hilo alitikisa kichwa, akasema yeye alizaliwa chini ya kuba na hakuwahi kulala vizuri namna ile tena.

Shirika la World Monuments Fund liliiweka Gourna Mpya katika orodha yake ya mahali palipo hatarini mwaka 2010, na UNESCO nayo imeshiriki katika kazi ya kuokoa kilichobaki. Ukumbi wa maonyesho, nyumba ya wageni ya wafanyabiashara na msikiti ni vitu unavyoweza kuviona bado. Juu mlimani, Gourna ya zamani, ile iliyokataa kuhamia kijiji cha Fathy, ilianza kuvunjwa kwa matingatinga mwishoni mwa 2006, na watu wakapelekwa kwenye nyumba za serikali kaskazini. Hatimaye amri ilitimia. Aliyewapelekea watu michoro yenye miti alishindwa, tingatinga likaweza.

Kutoka kijijini ni mwendo mfupi hadi Ramesseum, hekalu la Ramesses wa Pili. Watu huenda kutazama sanamu iliyoanguka. Mimi nilizunguka nyuma, kwenye maghala ya nafaka. Ni safu za mapaa marefu ya tao, ya tofali la tope, yana zaidi ya miaka 3,200, na kadhaa bado yanafunika. Matofali yameegemezwa, hayakulazwa sawa. Fathy aliyataja kama ushahidi kwamba udongo hudumu.

Maisha yake baada ya Gourna nayapitia kwa haraka, kwa sababu ni maisha ya mtu aliyeheshimiwa mbali na nyumbani. Kuanzia 1957 alifanya kazi miaka kadhaa Athens katika ofisi ya mpangaji miji Doxiadis. Mwaka 1967 alikuwa akijenga kijiji kingine, Baris, katika oasisi ya Kharga jangwani, vita ya Juni ikakisimamisha, na hakikumalizika. Mwaka 1980 alipewa Tuzo ya Mwenyekiti ya Aga Khan na ile ya Right Livelihood, na mwaka uliofuata alikuwa Abiquiú, New Mexico, pamoja na waashi wa Kinubi, wakijenga msikiti wa matofali ya udongo kwa Waislamu wa Marekani. Nyumbani, waliomwita katika uzee wake walikuwa zaidi watu wenye uwezo, waliotaka nyumba za mapumziko zenye kuba na ua nje ya Cairo. Alizijenga vizuri sana, nyingine kwa mawe ya chokaa. Ramani zake zimo katika makabati yaleyale ya New Cairo, kando ya ramani za wakulima. Nilizitazama kwa kupendezwa na kwa majuto, kwa maana mtu aliyetaka kuwajengea maskini aliishia kuwa msanifu wa wale wanaoweza kumudu kuishi kwa urahisi.

Aswan ni mwisho wa safari. Nilivuka tena mto, hadi Gharb Aswan, kijiji cha Wanubi chini ya kilima cha makaburi cha Qubbet el-Hawa. Wanubi wenzao waliokuwa kusini zaidi walihamishwa 1963 na 1964 kupisha ziwa la Bwawa Kuu, wakapelekwa Kom Ombo kwenye nyumba za safu zilizofanana, na vijiji vyao vyenye milango iliyopambwa vikazama. Gharb Aswan ilisalia kwa kuwa iko chini ya bwawa. Nyumba zimepakwa rangi ya buluu na njano, nyingi sasa ni za wageni wa kulala. Mwenye nyumba niliyofikia alinipeleka kwa fundi mwashi aliyekuwa akiezeka chumba kando ya yake.

Nilikuwa nimesoma kazi hii mara nyingi, nimeiona katika michoro. Kuiona ikitendeka ni jambo jingine kabisa. Ukuta wa nyuma wa chumba umepandishwa juu kuliko kuta za ubavuni. Fundi na mwenzake walisimama juu ya ubao, wakapiga tope kwenye ukuta ule, wakachora tao kwa mkono. Hawakutumia kamba wala pima maji. Tao lile ni lile la mnyororo unaoning'inia, ukiupindua juu chini. Mhandisi hulipata kwa hesabu, wao walilipata kwa jicho, kisha wakalisawazisha kwa tezo. Matofali ya paa ni mepesi kuliko ya ukutani, yana majani mengi zaidi, na juu ya uso wake mfyatuaji amepitisha vidole viwili tope likiwa bichi, akaacha mifereo. Mifereo hiyo ndiyo inayofyonza tope na kulishika. Tofali la kwanza wanaliegemeza kwenye ukuta, la pili juu yake, mstari mzima unalala kwa mshazari ukiwa umejishika kwenye ulioutangulia, na paa linasonga mbele hewani bila kitu chini yake. Fathy aliandika kwamba mwaka ule wa 1941 waashi wawili waliezeka chumba cha mita 3 kwa 4 kwa siku moja na nusu. Baada ya kuwatazama hawa, sina shaka naye.

Jambo moja analostahili kushukuriwa ni kwamba aliandika jina. Boghdadi Ahmed Ali, fundi wa Aswan, yumo kitabuni mwake. Nimepekua sana habari za makazi ya mkoa wetu na sijakuta jina la mtu hata mmoja aliyejenga tembe, ingawa takwimu za matembe yaliyovunjwa zilikuwa zikitangazwa redioni kwa furaha.

Wakati wa chai nilimwambia fundi kilichonileta. Kwetu miti imekwisha, nikasema. Wenye tembe walihitaji magogo, na magogo hayapo, na mchwa hula yaliyopo. Bati linaunguza. Nataka kujua kama paa hili linaweza kusimama Dodoma.

Akaniuliza kitu kimoja: "Mvua?"

Aswan mvua ni habari, watu huisimulia. Nikamwambia kwetu inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, si nyingi, lakini ikija inakuja kwa ghadhabu, milimita mia tano na kitu kwa mwaka. Alinyamaza, akaangalia paa lake. Nikamwongezea niliyoyajua: kwamba Burkina Faso, kuanzia mji wa Boromo, tangu mwaka 2000 wakulima na waashi wamekuwa wakijenga mapaa haya, na kule mvua ni kubwa kuliko ya Dodoma. Wao wanatandika karatasi ya nailoni katikati ya tabaka za udongo, wanaacha michirizi ya kutoa maji, na baada ya masika mwenye nyumba anakandika upya.

Hilo la kukandika upya ndilo alilolishika. Alisema nyumba ya udongo ni lazima iwe na mtu wake, kila mwaka, na kama vijana wa kwenu hawataki kushika tope basi msianze. Kisha akauliza udongo wetu ni wa rangi gani, unanata kiasi gani ukiufinyanga, unapasuka ukikauka. Nikamjibu nilivyoweza: mwekundu, unanata, unapasuka. Akasema hapo mchanga uongezwe, na kuta za ubavuni ziwe nene, karibu urefu wa mkono kuanzia kiwiko, maana paa hili husukuma nje usiku na mchana. Na mkimwita fundi, msimwite mmoja. Waje wawili, kwa kuwa mstari wa matofali unaanzia pande mbili kwa wakati mmoja, na wapewe wanafunzi wanne wa kwenu, wawili wa kufyatua na wawili wa kupanda juu.

Nilimuuliza angetaka kulipwa kiasi gani kwa kazi ya miezi mitatu huko. Alitaja, mwenzake akataja zaidi, wakaanza kubishana kuhusu nauli.